Reli ya Dilolo imefunguka, Kamina bado inangoja

Mwaka 1927 Ubelgiji, mtawala wa Kongo, na Ureno, mtawala wa Angola, zilibadilishana ardhi. Ubelgiji ilitaka kipande kidogo kando ya mto Mpozo, karibu na Matadi, ili reli ya kutoka bandarini kwenda Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, ipate njia nyepesi ya kupandia. Kipande hicho kilikuwa upande wa Angola na ukubwa wake ulikuwa kama kilomita za mraba 3. Ureno ikakitoa, ikalipwa kilomita za mraba 3,500 huku kwetu, kusini-magharibi mwa Katanga, katika eneo la Dilolo. Walunda na Wachokwe waliokuwa wakiishi humo wakawa watu wa Angola bila kuhama nyumba zao, na hakuna aliyewauliza.

Natanguliza habari hiyo kwa sababu kila reli ya Dilolo inapozungumziwa, watu husema ilikatwa na mpaka, wakiutaja mpaka kama wanavyotaja mlima au ziwa. Mpaka huo ulisogezwa kwa ajili ya reli pale wakubwa walipotaka. Miaka 48 baadaye wakubwa wengine wakauacha uikate reli, na gharama yake haikuishia Dilolo. Kamina, iliyo mbali na Angola, iliilipa kwa miaka mingi na bado inailipa. Leo treni za shaba zinavuka tena Dilolo kwenda Lobito, mikataba inatiwa saini, marais wanapiga picha, na katika hesabu zinazotangazwa sijaona mstari unaoitaja Kamina. Ninaandika kuudai mstari huo.

Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma asiyeijua Kamina: ni mji uliokuzwa na reli, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, katika nchi ya Waluba, jirani na eneo la mfalme Kasongo wa Nyembo. Njia tatu hukutana hapa. Moja inatoka Lubumbashi, kusini-mashariki, ikipita Likasi, Tenke, Luena na Bukama. Ya pili inakwenda kaskazini-magharibi, Kaniama, Luputa, Mwene-Ditu na Kananga, hadi Ilebo kwenye mto Kasai. Ya tatu inapanda kaskazini-mashariki kupitia upande wa Kabongo hadi Kabalo kwenye mto Lualaba, na ukishafika Kabalo unaweza kuchagua Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, au Kongolo na Kindu huko Maniema. Tawi la Dilolo halianzii Kamina. Linachomoka Tenke, linapita Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji hadi mpakani. Lakini mzigo uliozuiwa Dilolo lazima utafute mlango mwingine, na kwa miaka mingi mlango huo umekuwa Kamina.

Reli iliingia Katanga kutoka Rhodesia. Ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Kampuni ya BCK, iliyoanzishwa 1906, mwaka mmoja na Union Minière ya shaba, ndiyo iliyoivusha kutoka Bukama kupitia Kamina hadi Ilebo. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alikuja mwenyewe kuifungua mwaka 1928. Waliopasua ardhi na kulaza mataruma walikuwa wanaume wa vijiji vya huku, walioandikishwa kupitia machifu, wengi wao bila hiari.

Wabelgiji waliiita Njia ya Taifa, na jina hilo limedumu hadi leo. Waliipenda kwa sababu haikutoka nje ya koloni lao. Shaba ilisafiri karibu kilomita 1,600 kwa treni hadi Ilebo, ikashushwa, ikapakiwa kwenye meli za mto Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa, ikashushwa tena, ikapakiwa kwenye treni ya Matadi. Ni safari ya fahari kwa taifa, ila kwa mfanyabiashara anayehesabu siku na mikono inayogusa mzigo, ni safari ya kuchosha.

Robert Williams, Mskoti aliyekuwa rafiki wa Cecil Rhodes, alikuwa ameliona hilo mapema. Mwaka 1902 alipata kwa Wareno kibali cha miaka 99 cha kujenga na kuendesha reli kutoka pwani ya Atlantiki hadi mpaka wa Katanga. Kazi ilianza Lobito mwaka 1903, ikasimama, ikaendelea, ikasimama tena, hadi kufika mpakani mwaka 1929. Upande wa Kongo kipande cha Tenke hadi Dilolo, zaidi ya kilomita 500, kikakamilika mwaka 1931. Kuanzia hapo behewa lilipakiwa Kolwezi na kufunguliwa baharini Lobito, kwa kuwa upana wa reli ulikuwa mmoja, meta 1.067, na hapakuwa na mto wa kuvukia kwa meli. Wabelgiji ilibidi wailinde Njia ya Taifa kwa nauli na makubaliano ili Lobito isimeze mzigo wote. Tangu wakati huo Dilolo na Kamina ni ndugu wawili wanaogombea sahani moja, na anayepakua chakula hakai Dilolo wala Kamina.

Tawi la Kabalo lilikuja mwisho, mwaka 1956, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nitakaa hapo kidogo. Reli ya Kalemie hadi Kabalo ilikuwepo tangu mwaka 1915, lakini ilikuwa reli ya upana wa meta moja, iliyotengwa na reli za Katanga. Mtu au mzigo wa Katanga uliokwenda ziwani ulishuka treni Bukama, ukapanda meli ya mto Lualaba, ukapita maziwa na mabwawa ya Upemba, ndipo ufike Kabalo. Miaka ya 1950 reli ya ziwani ikapanuliwa ilingane na ya Katanga, kikajengwa kipande cha Kamina hadi Kabalo, karibu kilomita 450, na nchi mbili zikawa moja. Bukama ilipoteza shughuli nyingi za bandari yake. Kamina ikapata dunia mpya.

Dunia yenyewe ilikuwa ya Waswahili. Kalemie inatazamana na Kigoma, na reli ya Kigoma ilikuwa imekamilika mwaka 1914, wakati wa Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa makubaliano ya mwaka 1921, Ubelgiji ilipewa na Waingereza sehemu zake za bandari Kigoma na Dar es Salaam, zile zilizojulikana kwa jina la Belbase. Kwa hiyo kuanzia 1956 Kamina iliweza kupeleka mzigo Bahari ya Hindi kwa reli, ziwa, na reli tena. Iliweza kuupeleka Atlantiki kupitia Ilebo na Matadi, au kupitia Tenke na Lobito. Iliweza kuupeleka kusini hadi Rhodesia na Afrika Kusini. Ni miji michache ya bara ya Afrika iliyokuwa na milango mingi kiasi hicho. Samaki wa Upemba, mahindi ya Kaniama na mawese ya Kasai vilisafiri pamoja na shaba, na watu walioana kutoka Kalemie hadi Kananga.

Milango hiyo ilianza kufungwa mapema mno. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Waluba wa kaskazini, waliomfuata Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat, walikataa. Mapigano yakawa kando ya reli, kwa sababu katika nchi hii vita vyote huifuata reli. Treni zilishambuliwa, stesheni zikachomwa, daraja la mto Lubilash kwenye njia ya Ilebo likabomolewa. Kambi kubwa ya kijeshi ya Kamina, ambayo Wabelgiji waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili, ikachukuliwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Njia ya Taifa ilipofungwa, shaba ya Tshombe ilitoka kupitia Dilolo na kupitia Rhodesia. Mpaka wa kwanza kuikata reli ya Kamina ulichorwa ndani ya nchi yetu, na aliyefaidika ni yule mwenye njia ya kwenda Lobito.

Miaka 15 baadaye mambo yakageuka. Agosti 1975, Angola ikielekea uhuru wake wa tarehe 11 Novemba, vyama vitatu vya ukombozi vilikuwa vikipigana na reli ya Benguela, yaani ile ya Lobito, ikafungwa. Mobutu, rais wetu wakati huo, alikuwa upande wa FNLA, upande ulioshindwa. MPLA ilishika Luanda, na UNITA ya Jonas Savimbi ikaigeuza ile reli kuwa shabaha yake kwa miaka zaidi ya 25: madaraja, nguzo, injini, na mabomu ya ardhini pembeni. Upande wa Kongo, mgodi wa manganizi wa Kisenge, ulioishi kwa reli hiyo tu, ulibaki na marundo ya mawe yasiyo na pa kwenda. Mji wa Dilolo ukawa mwisho wa dunia.

Wakati huohuo, upande wa pili wa bara, Tanzania, Zambia na China zilikuwa zinakamilisha TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Sehemu ya shaba ya Katanga ilianza kupita huko, sehemu ikaenda Afrika Kusini, na sehemu kubwa ikarudishwa kwenye Njia ya Taifa. Yaani ikaja Kamina.

Ni vyema kueleza maana yake kwa kazi. Nyaya za umeme wa treni, zilizovutwa kutoka Likasi na Lubumbashi, zinaishia Kamina. Treni inayotoka kusini huvutwa na injini ya umeme hadi hapa. Kwenda Kananga au Kabalo lazima ipate injini ya dizeli. Kwa hiyo Kamina ni mahali pa kukata na kuunga: mafundi, wapanga mabehewa, maghala, zamu za usiku. Mzigo ulioongezeka baada ya 1975 ulipita juu ya reli na madaraja ya mwaka 1928, chini ya shirika jipya la serikali, SNCZ, lililoundwa 1974 kwa kuunganisha kampuni za zamani. Mwaka uleule wa 1975 bei ya shaba duniani ilikuwa imeporomoka. Kazi ikaongezeka na fedha za kuitunza reli zikapungua. Reli haifi siku moja. Taruma moja huoza, likaachwa. Treni ikaamriwa ipunguze mwendo mahali hapo. Mwaka uliofuata pakawa mahali kumi. Mwishowe safari ya siku mbili ikawa ya wiki mbili.

Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, wengi wao askari wa zamani wa Katanga waliokuwa ukimbizini, walitoka Angola wakashika Dilolo, wakaja wakiifuata reli hadi Mutshatsha, karibu na Kolwezi. Ilibidi Morocco ilete askari. Mei 1978 walirudi na kuingia Kolwezi kwenyewe, hadi jeshi la Ufaransa liliposhuka kwa miavuli. Baada ya hapo hakuna mtawala wa Kinshasa aliyeitazama reli ya Dilolo bila kuona njia ya adui. Nadhani hilo linaeleza kwa nini hakuna aliyelilia sana tawi lile, hata pale ilipowezekana kuzungumza na Luanda.

Kipindi cha 1992 na 1993 siwezi kukiruka, ingawa kinauma. Wanasiasa wa Katanga waliwachochea watu dhidi ya wenzao wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa Katanga, watoto wa wafanyakazi walioletwa na reli hiyohiyo na Union Minière. Maelfu kwa maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala stesheni kwa wiki na miezi wakingoja treni za kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Watoto na wazee walikufa kwa kipindupindu, surua na njaa, wengine stesheni, wengine ndani ya mabehewa. Treni hizo zilipita Kamina. Ulikuwa mpaka usio na bendera wala forodha, kati ya Katanga na Kasai, na reli iliyojengwa kuunganisha pande hizo mbili ikatumiwa kuwatenganisha watu wake.

Kisha vita vya 1998. Kalemie ilichukuliwa na waasi wa RCD, waliosaidiwa na Rwanda, mwezi Agosti. Kindu ikaanguka Oktoba. Serikali na washirika wake wa Zimbabwe wakaitumia kambi ya Kamina. Mstari wa mapambano ukapita kaskazini mwa Katanga, na tawi la Kabalo likakatika. Kindu iliishi bila treni ya Lubumbashi hadi mwaka 2004. Fikirieni mji usio na barabara ya maana, usiofikiwa na treni kwa miaka sita: chumvi, sabuni, dawa, madaftari, vyote kwa ndege au kwa baiskeli. Wasukumaji wa baiskeli wakawa ndio treni yetu. Mwanamume alifunga magunia au madumu ya mawese, akaisukuma baiskeli kwa miguu mamia ya kilomita kati ya Kasai na Katanga. Wengine wanaisukuma hata sasa, na wanastahili heshima kuliko mawaziri wengi wa uchukuzi niliowasikia wakihutubia.

Afrika Mashariki inaujua ugonjwa huu. Waingereza walianza kujenga reli ya Voi hadi Taveta mwaka 1915 kwa ajili ya vita dhidi ya Wajerumani, wakaiunganisha na reli ya Usambara huko Kahe, karibu na Moshi. Kwa miaka 60 hivi ikawabeba Wataita, Wataveta na Wachaga na mazao yao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ikafunga mpaka Februari 1977. Mpaka ukafunguliwa tena 1983, lakini ile reli haikurudia uhai wake. Watu wa Taveta walingoja hadi barabara ya lami. Tofauti ni kwamba chini ya Taveta hapakuwa na shaba. Kama ingekuwepo, bila shaka mtu angekuja na mkopo.

Dilolo imepata mkopo. Savimbi aliuawa Februari 2002, amani ikaja Angola, na kampuni ya Kichina ikaijenga upya reli ya Benguela hadi Luau, mpakani, ikazinduliwa rasmi mwaka 2015. Mwaka 2018 shehena ya madini ya Kongo ikafika tena Lobito, baada ya zaidi ya miaka 40. Mwaka 2022 Angola ikatoa mkataba wa miaka 30 kwa muungano wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis. Julai 2023 wakakabidhiwa reli mbele ya marais wa Angola, Kongo na Zambia. Marekani ikaahidi mkopo wa dola milioni 553, Umoja wa Ulaya ukajiunga, na Desemba 2024 Rais Joe Biden akafika Lobito mwenyewe. Sababu inajulikana: shaba na kobalti za Kolwezi zinahitajika kwa betri na nyaya za dunia, na Wamarekani hawataki zote zipite mikononi mwa Wachina.

Mimi siipingi Lobito. Shaba ya Kolwezi ikisafiri kwa reli badala ya malori, barabara za Kasumbalesa zitapumua, na madereva wetu hawatalala foleni kwa siku nyingi. Ninachopinga ni kuihesabu reli kwa tani za shaba peke yake. Upande wa Angola, hata baada ya mkataba, shirika la serikali limebaki na treni za abiria. Mama wa Luau anaweza kwenda Luena ya Angola au Huambo na mzigo wake. Upande wetu, mama wa Kasaji anaiona treni ya shaba ikipita na yeye hana tiketi ya kununua. Ukanda mzima unazungumzwa kana kwamba kati ya mgodi na bahari hakuna mtu.

Treni za abiria zikikosekana watu hawaachi kusafiri. Huparamia mabehewa ya mizigo. Aprili 2014 treni ya mizigo iliacha reli Katongola, si mbali na Kamina, na makumi ya watu wakafa, wengi wao wakiwa wamekaa juu ya mabehewa. Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena yetu kwenda Tenke iliacha reli Buyofwe, wilayani Lubudi. Watu 75 walikufa. Taarifa za serikali ziliwaita wasafiri haramu. Walikuwa wakulima, wachuuzi na wanafunzi waliotaka kufika waendako, na reli ya nchi yao ilikuwa haijawapa njia halali.

Wapo watakaosema treni ya abiria haina faida, na tawi la Kabalo halina mzigo. Nawajibu kwa mahindi. Lubumbashi, mji wa mamilioni ya watu, unakula unga wa Zambia. Zambia ikizuia mahindi yake yasitoke, bei ya mfuko hupanda na jiji zima hulia. Huku Kaniama, Kabongo na Kamina udongo ni mzuri, mvua inatosha, na hata kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Kaniama-Kasese imekuwa ikivuna mahindi ya kupeleka mijini. Mkulima wa Kabongo hashindwi na jembe. Anashindwa na kilomita. Gunia lake likifika Lubumbashi kwa lori, nauli imekula bei. Mzigo upo, umekaa ghalani ukioza kwa sababu treni haina ratiba.

Hesabu ya majimbo imezidisha ugumu. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami. Kwa sheria ya madini ya 2018, nusu ya mrabaha inakwenda serikali kuu, asilimia 25 jimbo lenye mgodi, asilimia 15 serikali za mitaa zenye mgodi, na asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba na kobalti ziko Lualaba na Haut-Katanga. Kamina ilipitisha shaba hiyo kwa miongo mingi, ikabeba sehemu kubwa ya mzigo Dilolo ilipofungwa, na leo sheria inaiona kama jirani asiyehusika. Mpaka wa 2015 umeikata reli kwenye vitabu vya hesabu, na hakuna bunduki iliyolia.

Shirika la reli, ambalo sasa linaitwa SNCC, lina mtandao wa kilomita 3,641, kati yake 858 zikiwa za umeme. Wafanyakazi wake wamezoea kukaa miezi na miezi bila mshahara. Mapato ya uhakika ya shirika hilo ni nauli ya madini, na njia ya Dilolo ikikarabatiwa itakuwa chombo chake bora kabisa. Hatari ninayoiona ni kumegwa: kipande cha Dilolo, Kolwezi na Tenke kipewe mwekezaji kwa miaka 30, na SNCC iachiwe kilomita zilizobaki, zenye mataruma yaliyooza, bila ule mzigo pekee unaolipa. Tukifika hapo tawi la Kabalo na njia ya Mwene-Ditu vimekufa, hata kama vitabaki kwenye ramani. Na tusijidanganye kwamba tuna muda: upo mradi wa reli mpya kutoka Angola moja kwa moja hadi Zambia, usiokanyaga ardhi ya Kongo hata kidogo.

Upande wa mashariki nako kunabadilika. Desemba 2022 Tanzania ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Ikifika, ng'ambo ya ziwa ni Kalemie, na kutoka Kalemie reli ya zamani inakuja Kabalo na Kamina. Lithiamu ya Manono iko upande huohuo, na nina hakika watakaoitaka wataanza kuulizia reli. Wakija, wasikute tumekaa kimya kama mwaka 1927.

Kwa hiyo nawaambia wabunge wa Haut-Lomami, Tanganyika, Lomami na Kasai, bila kujali vyama vyenu: hakuna mkataba wa Dilolo utakaopita Kinshasa bila nyinyi kuusoma. Daini kwamba sehemu ya nauli ya kila tani inayovuka Dilolo iwekwe kisheria kwa ajili ya kukarabati Kamina hadi Kabalo na Kamina hadi Mwene-Ditu, na hesabu zake zitangazwe kila mwaka. Daini treni ya abiria yenye ratiba kati ya Tenke na Dilolo, kama sharti la mkataba na si kama hisani ya mwekezaji. Daini mishahara ya wafanyakazi wa reli ilipwe kabla ya mgawo wowote wa faida. Wachokwe na Walunda wa Dilolo, Waluba wa Kamina na wavuvi wa Bukama wana haki sawa ya kuwekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba huo. Na wewe msomaji uliye na mbunge, mpigie simu wiki hii, umuulize kama ameusoma.